Mkono wa Tatu Kwenye Waraka

Kati ya mwenye barua na anayeandikiwa, ofisini siku zote alikuwapo mtu wa tatu, naye ni hazili. Bosi alitamka, hazili akanukuu kwa hatimkato, akarudi mezani kwake akapiga taipu, na kabla mhusika hajajua kama amepandishwa cheo au ameachishwa kazi, hazili alikwisha kujua. Nimeifanya kazi hiyo serikalini, kisha nikafungua steshenari Dar es Salaam, jirani na mahakama ya mwanzo, ambako siku hizi ombi ninalolisikia kuliko yote ni hili: "Anti, naomba unigeuzie hii iwe PDF." Watu huzungumzia taipureta, steshenari na PDF kana kwamba ni mambo matatu. Mimi naona historia moja tu, ya mikono inayoushika waraka wako kabla haujafika unakokwenda.

Mahazili wengi wa kizazi changu tulipitia Chuo cha Uhazili Tabora. Tulifundishwa hatimkato, kupiga chapa bila kutazama vidole, kutunza majalada, na katika kila somo tulirudishwa kwenye suala la siri. Siri hiyo ilikaa kwenye vitu unavyovishika. Karatasi mpya ya kaboni, ikitumika mara moja tu, ukiiinua dirishani unaisoma barua yote. Stensili ikitoka kwenye mashine ya kudurufu imejaa wino, lakini maneno yamo yote, yametobolewa herufi kwa herufi, na mtu akiipata anaweza kutoa nakala nyingine. Ndiyo maana stensili ya mtihani au ya waraka wa siri ilichomwa moto mtu akiwa amesimama pale anaangalia. Utepe wa kitambaa ulikuwa na nafuu, kwa kuwa ulikwenda na kurudi hata herufi zikapandana. Zilipokuja mashine za umeme zenye utepe mwembamba wa plastiki, unaotumika mara moja, kila herufi iliacha alama yake kwa mfuatano. Ungeuvuta utepe huo kutoka kwenye kasha lake, ungesoma kazi yote ya siku ile bila kugusa jalada lolote.

Serikali ililijua hilo. Kulikuwa na masijala ya wazi na masijala ya siri, na juu ya yote kulikuwa na Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970. Mkono wa tatu ulikuwapo, lakini ulikuwa na jina, ulikuwa na mshahara, na ukivujisha ulijulikana ni wa nani. Naomba msomaji akumbuke hilo.

Kompyuta zilichelewa kwetu, na zilicheleweshwa kwa makusudi. Wizara ya Fedha ilikuwa na kompyuta tangu miaka ya 1960, lakini mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuziingiza nchini bila kibali maalumu. Huko Marekani WordStar ilitoka mwaka 1978, na Word ya Microsoft, iliyoandikwa na Charles Simonyi na Richard Brodie, ikatoka mwaka 1983. Sisi miaka hiyo tulikuwa bado tunafuta makosa kwa wino mweupe na kuupuliza ukauke. Kompyuta zilianza kuenea maofisini miaka ya 1990, na taipureta zikapelekwa stoo moja baada ya nyingine.

Taipureta ilikuwa na sifa moja ambayo hakuna aliyeisifia mpaka ilipoondoka: kilichopigwa kilibaki palepale. Ukipanga jedwali la mishahara kwa kuhesabu nafasi, lilifika mkoani Kigoma likiwa vilevile. Kompyuta ilituondolea adha ya kurudia ukurasa mzima kwa kosa moja la herufi, na kwa hilo naishukuru mpaka leo. Lakini nayo ilileta kitu kigeni kabisa kwa mtu wa taipu, ukurasa unaotembea.

Nieleze kwa waraka ninaoujua vizuri kuliko nyaraka zote, muhtasari wa kikao cha familia. Mtu akifariki na shauri la mirathi likipelekwa mahakama ya mwanzo, ndugu hukaa, hukubaliana nani awe msimamizi wa mirathi, na makubaliano huandikwa: tarehe na mahali, waliohudhuria, warithi, mali, jina la anayependekezwa, na saini. Mara nyingi kijana wa familia huuandika nyumbani kwenye laptop yake, akauweka kwenye flashi, akauleta dukani kuprinti. Kuanzia mwaka 2007, Office mpya ya Microsoft ilipotoka, shida ilikuwa ileile kila mara. Kijana ameandika kwa fonti ya Calibri, iliyoletwa na programu mpya, akahifadhi kwa muundo wa zamani wa .doc, lakini kompyuta ya dukani ina Office ya 2003 isiyo na fonti hiyo. Kompyuta haikatai. Inachukua fonti nyingine iliyo nayo, yenye herufi pana zaidi. Mstari uliotosha sasa hautoshi. Jedwali la warithi linavimba, jina la mtoto wa mwisho linahamia ukurasa wa pili peke yake, na mahali pa saini panajikuta ukurasa wa tatu, mweupe mtupu, palipoandikwa tu "Mwenyekiti wa kikao" na vinukta. Ukurasa wenye saini bila maneno ni hatari. Unaweza kubanwa pini nyuma ya makubaliano yoyote, na karani makini atauliza.

Sababu ni kwamba faili la Word halibebi ukurasa. Linabeba maneno na maelekezo: hapa nene, hapa safuwima tatu, hapa fonti fulani ukubwa wa 12. Kila kompyuta inapolifungua hupanga kurasa upya kwa fonti ilizo nazo, kwa toleo lake la programu, hata kwa printa iliyounganishwa nayo. Ni vipimo anavyopewa fundi cherehani. Kila fundi atashona kwa mkono wake. PDF ni gauni lililokwisha kushonwa.

Aliyelifikiria hilo kwa undani ni John Warnock. Yeye na Charles Geschke walikuwa kituo cha utafiti cha Xerox kule Palo Alto, wakatengeneza lugha ya kuielekeza printa namna ya kuchora ukurasa. Xerox haikuwa tayari kuitoa kwa ulimwengu, nao wakaondoka, wakaanzisha Adobe mwezi Desemba 1982, jina likitokana na kijito kilichopita karibu na nyumba ya Warnock kule Los Altos. Lugha yao mpya, PostScript, iliingia kwenye printa ya LaserWriter ya Apple mwaka 1985. PostScript ilikuwa programu kamili: ilihesabu, ilirudia, iliamua. Hapo ndipo ulipokuwa uzito wake, maana kuusoma ukurasa ilibidi uiendeshe programu nzima. Wazo la Warnock mwanzoni mwa miaka ya 1990, alilolipa jina Camelot katika andiko la kurasa chache, lilikuwa rahisi kulieleza: acha mahesabu yote yafanyike mara moja, kisha uhifadhi matokeo tu. Herufi hii, ya fonti hii, iwekwe hapa. Mstari uanzie hapa uishie pale. Fonti zenyewe zifungwe ndani ya faili zisafiri nalo.

PDF ilitoka rasmi mwezi Juni 1993. Ndani yake ukurasa wa A4 una upana wa nukta 595 na urefu wa 842, nukta 72 kwa inchi, na kila kitu kina mahali pake kuanzia pembe ya chini kushoto. Mtu aliyezoea kuhesabu nafasi kwenye taipureta akisoma hayo anajisikia nyumbani. Mwanzoni watu hawakuipokea, na mimi sishangai: hata programu ya kusomea tu iliuzwa dola 50. Adobe ilipoigawa bure, na mamlaka ya kodi ya Marekani ilipoanza kutoa fomu zake kwa PDF, mambo yakabadilika. Mwaka 2005 ikapatikana PDF/A, aina iliyowekewa masharti kwa ajili ya nyaraka za kutunzwa miaka mingi, na mwaka 2008 PDF yenyewe ikawa kiwango cha kimataifa cha ISO, si mali ya kampuni moja tena.

Kwetu dukani ilifika kwa njia za kando. Office ya 2003 haikuwa na uwezo wa kutoa PDF. Microsoft ilitaka kuuweka ndani ya toleo la 2007, Adobe ikapinga, ikabidi uwe kiongezo cha kupakua pembeni, mpaka mwaka 2009 ulipoingizwa moja kwa moja. Katikati hapo wenye steshenari tulitumia printa zisizokuwepo. Ulisakinisha programu ndogo ya bure, ikaonekana kwenye orodha ya printa kana kwamba ipo mezani, ukaiamuru iprinti, na badala ya karatasi ikatoa faili. Wateja waliona kama mazingaombwe.

Njia nyingine ilikuwa bora zaidi, na inasikitisha kwamba wachache wanaikumbuka. Mwaka 1985, katika mji wa Lüneburg nchini Ujerumani, kijana wa miaka 16 aitwaye Marco Börries alianzisha kampuni ya StarDivision. Programu yake ya kuandikia ilikua ikawa StarOffice. Kampuni ya Sun ya Marekani iliinunua StarDivision mwaka 1999, na mwaka uliofuata ikaiachia misimbo ya programu hiyo iwe huru kwa kila mtu, kwa jina la OpenOffice.org. Toleo la 1.1, la mwaka 2003, lilikuwa na kitufe cha kutoa PDF, bure, bila printa ya kujifanya. Na hapa Tanzania, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao kutoka Uswidi waliitafsiri kwa Kiswahili katika mradi wa Kilinux, wakaitoa Desemba 2004 kwa jina Jambo OpenOffice. Kwa maneno mengine, Mtanzania angeweza kuandika waraka na kuutoa kwa PDF akitumia menyu za Kiswahili miaka kadhaa kabla Office iliyokuwa dukani kwangu haijaweza. Kazi ile ilistahili kuwa katika kila ofisi ya wilaya.

Kisha yakaja mawili yaliyoifanya PDF iwe lazima. Mkongo wa intaneti wa SEACOM, unaopita chini ya bahari, ulitua Dar es Salaam mwaka 2009, na miaka iliyofuata maombi ya kazi, ya vyuo na ya mikopo yakahamia mtandaoni. Cheti kiskaniwe kiwe PDF, barua ya maombi iwe PDF, faili lisizidi ukubwa fulani. Watu waliokuwa wakija kupiga taipu sasa walikuja kugeuza.

Nizungumzie sasa kompyuta yenyewe ya steshenari, maana hapo ndipo roho yangu ilipokuwa haitulii. Siku yoyote ungekuta nini kwenye skrini ya duka lolote mjini? Safu kwa safu za mafaili ya watu. CV zenye namba za simu na majina ya wadhamini. Vyeti vya kuzaliwa. Namba za vitambulisho vya taifa, za NIDA. Hati za kiapo. Mkataba wa kuuza kiwanja, bei ikionekana. Maombi ya talaka yenye mambo ambayo mwandishi hakumwambia hata dada yake. Mteja ametuma kwa WhatsApp ya duka, ameprinti, amelipa, ameondoka, na faili limebaki, na anayefuata akikaa kwenye kiti kilekile analiona. Wengine waliacha barua pepe zao wazi. Hazili wa masijala ya siri angeambiwa kwamba siku moja stensili zote za mji zitaachwa mezani hivi, asingeamini. Dukani kwangu niliweka utaratibu wa kufuta kila jioni na kumwaga kapu la takataka la kompyuta, lakini utaratibu wa duka moja ni wa duka moja.

Halafu ikaja hatua iliyonitisha zaidi. Kijana aliyekuwa akinisaidia alinionyesha tovuti: unaburuta faili la Word, unasubiri kidogo, unapakua PDF safi, bure, jedwali halijavimba. Alifurahi, na alikuwa na haki ya kufurahi. Nikamuuliza limekwenda wapi. Hakujua, na wala tovuti haikusema kwa namna ya kueleweka. Jibu la kitaalamu ni kwamba faili limepandishwa kwenye seva ya mtu, katika nchi fulani, likageuzwa huko, wakati mwingine kwa programu ileile ya ukoo wa Börries, kisha matokeo yakarudishwa. Tovuti nyingi huahidi kufuta baada ya muda mfupi. Nyingi bila shaka hufuta. Lakini ule ulikuwa muhtasari wa kikao cha familia, wenye majina ya watoto, nyumba na namba za akaunti za marehemu, na mkono wa tatu sasa haukuwa na jina, haukuwa na mwajiri tunayemjua, na ukivujisha hakuna wa kumuuliza.

Hofu hiyo si ya kizee. Septemba 2017 shirika la utangazaji la Norway, NRK, liligundua kwamba maandishi ambayo wafanyakazi wa makampuni waliyaweka kwenye tovuti moja ya kutafsiri bure yalikuwa yakipatikana kwa kutafuta tu mtandaoni: barua za kuachishwa kazi, mikataba, hata maneno ya siri ya kompyuta. Ile ilikuwa tafsiri, si ugeuzaji wa mafaili, lakini mlango ni uleule. Na mwezi Machi 2025 ofisi ya FBI ya Denver ilitoa onyo kwa umma kuhusu tovuti za bure za kugeuza nyaraka, kwamba baadhi hurudisha faili likiwa na programu hasidi na nyingine huchota taarifa zilizomo.

Faili la Word, tena, hubeba zaidi ya yale unayoyaona. Chukua faili la docx, badilisha mwisho wa jina lake liwe zip, ulifungue. Utakuta makabati ndani: moja lina maandishi yako, jingine, linaloitwa docProps, lina jina la aliyeliunda, jina la aliyelirekebisha mwisho, na saa. Serikali ya Uingereza ilijifunza hilo hadharani mwaka 2003. Andiko lake kuhusu Iraki lilikuwa limewekwa mtandaoni kama faili la Word, na mtaalamu mmoja akatoa ndani yake orodha ya marekebisho 10 ya mwisho pamoja na majina ya watumishi waliolishika. Kugeuza kuwa PDF hupunguza hatari hiyo, hakuiondoi yote. Jina la mwandishi linaweza kuhamia kwenye PDF. Na Januari 2019 mawakili wa mshtakiwa mmoja kule Marekani, Paul Manafort, waliwasilisha mahakamani PDF yenye mistari myeusi juu ya maneno ya siri. Waandishi wa habari walinakili sehemu ile, wakaibandika mahali pengine, na maneno yote yakaonekana. Rangi nyeusi ilikuwa imelazwa juu, maneno yakabaki chini yake. Sisi wa stensili tungesema hawakuichoma.

Wokovu umetokea mahali ambapo sikupategemea, ndani ya kivinjari chenyewe. Zamani kivinjari kilikuwa cha kuonyesha kurasa. Mwaka 2011 watu wa Mozilla walianza kuandika programu ya kusoma PDF kwa kutumia uwezo wa kivinjari peke yake, na mwaka 2013 ikawa sehemu ya Firefox. Mwenzao Alon Zakai alikuwa akitengeneza Emscripten, chombo cha kuchukua programu nzito za kompyuta na kuzifanya ziendeshwe ndani ya kivinjari. Kutokana na jitihada hizo ikazaliwa WebAssembly. Mwaka 2017 ilikuwa ndani ya Chrome, Firefox, Safari na Edge, na Desemba 2019 ikawa kiwango rasmi cha mtandao. Maana yake kwa mtu wa steshenari ni hii: badala ya faili lako kusafiri kuifuata programu, programu inasafiri kulifuata faili. Inapakuliwa, inakaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta yako, inageuza hapohapo.

Na ni programu gani ya kuandikia inayopelekwa humo? LibreOffice, iliyojitenga na OpenOffice mwaka 2010. Kampuni ya allotropia ya Hamburg ilishughulika kuihamishia kwenye WebAssembly, na mwaka 2024 ikaitoa kwa jina ZetaOffice. Programu aliyoianza kijana wa Lüneburg, ikapita Marekani, ikavaa Kiswahili pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, sasa inaweza kufunguka ndani ya kivinjari. Pamoja nayo zipo zana nyepesi zaidi zilizoandikwa kwa JavaScript, ambazo husoma maneno ya docx na kuyapanga upya. Hizo zinafaa barua ya kawaida, lakini jedwali la warithi huzishinda mara nyingi.

Suala la fonti limepata dawa ya heshima. Calibri ni mali ya Microsoft, haiwezi kugawiwa ovyo. Kwa hiyo ikatengenezwa Carlito, fonti huru ambayo kila herufi yake ina upana uleule wa herufi ya Calibri. Sura zinatofautiana kidogo, lakini mstari unakatika palepale, na ukurasa haukimbii. Fonti za Liberation, zilizotolewa na kampuni ya Red Hat mwaka 2007, zilifanya vivyo hivyo kwa Times New Roman na Arial. Kigeuzi kizuri huja na fonti hizi. Kibaya hukuharibia muhtasari kama ilivyokuwa enzi za Office ya 2003.

Tovuti ikisema "faili lako halitoki kwenye kifaa chako", hayo ni maneno, na mimi nilifundishwa kuangalia stensili ikiungua. Jaribio lake ni hili. Fungua dirisha la faragha la kivinjari, ufungue tovuti, usubiri imalize kupakuliwa yote. Kisha zima data, chomoa waya au zima Wi-Fi. Sasa weka faili ugeuze. Ikigoma, kazi ilikuwa ikifanyika kwenye seva ya mbali, au programu haikuwa imekamilika kushuka. Vyovyote vile usiiamini kwa waraka wa siri. Ikikupa PDF huku mtandao umezimwa, kazi imefanyika hapo ulipo. Hifadhi, kisha funga dirisha lote kabla ya kuwasha data tena, ili kisibaki kitu cha kutumwa baadaye. Nimelifanya jaribio hilo mbele ya wateja, na hakuna maelezo yangu yoyote yaliyowahi kueleweka haraka kama kuona alama ya mtandao imekatwa na PDF imetoka.

Njia hii ina gharama zake. LibreOffice nzima ni mzigo wa kupakua, na kwa mtu wa bando la siku si jambo dogo. Simu yenye kumbukumbu ndogo hukwama katikati. Mwenye Word ya kisasa au LibreOffice kwenye kompyuta yake hahitaji tovuti yoyote. Ahifadhi kama PDF humohumo, amalize. Kivinjari ni kwa ajili ya yule anayetumia mashine isiyo yake, au ofisi isiyomruhusu kusakinisha kitu, na kwetu watu hao ni wengi.

Sheria nayo imefika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume ya kuisimamia. Ukiisoma kwa jicho la steshenari, unaona kwamba yule anayekusanya na kuchakata taarifa za watu anaweza kuwa mimi, na meza yangu, na WhatsApp ya duka. Nawaambia wenzangu wa fani hii kila tunapokutana kwamba tulichofundishwa Tabora kimerudi kwa jina jingine, safari hii kikihusu mwananchi wa kawaida, wala si wizara tu, na nafurahi kwamba kimerudi.

Dukani nimegeuza meza moja ili skrini imtazame mteja, si mimi. Anakaa, anafungua faili lake mwenyewe, anazima mtandao, anageuza, tunahesabu kurasa pamoja, na anaangalia kama mahali pa saini pamekaa chini ya maneno. Anaprinti, anafuta. Fedha ya kugeuza imepungua kwa sababu wengi wakishaonyeshwa mara moja hawarudi tena kwa hilo. Wanarudi kwa kopi, kulaminisha na kubaindi. Wazee bado huja na karatasi ya daftari iliyokunjwa, wakakaa pembeni yangu wakatamka majina ya warithi mmoja baada ya mwingine, nami napiga. Hao bado wanahitaji mtu wa tatu, na kwao mlango wa duka hufungwa kwanza, redio huzimwa, na faili likishaprintiwa hulifuta wakiwa bado wamekaa pale.